Aliyeukata Mgunga

Mwiba ambao muuguzi Idah aliutoa katika wayo wa Randu ulikuwa na jani. Ulikaa ndani ya nyama siku tatu, mguu ukavimba na kunuka, lakini wenyewe ulitoka mbichi, ubavuni umechipua jani dogo la kijani.

Idah aliukamua usaha, akaliosha jeraha kwa maji moto ya chumvi, akamchoma Randu sindano ya pepopunda na kumkanya asilichokonoe tena kwa pini. Kisha akauliza ni mwiba wa mti gani. Randu akamweleza kwamba ni wa mgunga mkubwa uliokuwa mpakani mwa shamba lake, nje ya Marafa. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame, na fisi walikuwa wamekula mbuzi wake saba. Aliukata mgunga ili matawi yake yalizunguke zizi. Alikuwa ameambiwa kwamba mti ule una mwenyewe, naye hakujali.

Kesho yake asubuhi mwiba mwingine ulitokeza gotini, ukisukumwa kutoka ndani. Mkewe, Kadii, aliung'oa kwa meno. Kufikia adhuhuri miiba ilikuwa imepasua ngozi ya mabega, mbavu na mikono, mirefu, myeupe, na nyumba nzima ikanuka utomvu.

Kadii akasema anakwenda kumwita jirani yao, Lewa.

"Huendi popote," alisema Randu, na sauti haikuwa yake.

Alimdaka mlangoni, akamkumbatia, na Kadii akaisikia miiba ikimwingia kifuani mmoja baada ya mwingine, na kila alipojinasua mikono ile ilizidi kukaza, pole pole, bila hasira, kama mtu anayefunga ua kwa kamba, huku damu ikichuruzika hadi miguuni na pumzi yake ikitoka kwa mluzi, mpaka Lewa, aliyesikia mtungi ukivunjika, akaingia na mchi na kumpiga Randu mkono hata mfupa ukalia, ndipo Kadii akaanguka chini. Randu hakumtazama. Alitoka akaenda zizini, akawakumbatia mbuzi waliobaki, mmoja mmoja, na kila alipofungua mikono alidondosha mzoga.

Wanaume wanne walimfunga kwenye nguzo ya ukumbi. Alasiri akafika mganga, bibi kizee ambaye wote walimwita Hawe Mbeyu. Alifukiza ubani, akamwuliza jini, mwenye mti ule, anataka nini.

"Mti uliota miiba ili mbuzi na watu wakae mbali nami," jini akajibu kwa kinywa cha Randu. "Huyu ameukata. Sasa yeye ndiye ua wangu."

Hawe Mbeyu akamwahidi kwamba kisiki kitaachwa kichipue, na hakuna atakayekikaribia na shoka. Wakavutana kwa maneno hadi jua likainama. Mwishowe jini akakubali, ila akasema hatoki bila kupewa njia, na njia aitaje mke wa nyumba hii. Kadii alikuwa ameketi ukutani, leso imelowa damu kifuani.

"Toka utakapo," alisema. "Umwache hai tu."

Jini alitoka kwa jicho la kushoto. Mwiba wenye urefu wa kidole ulilipasua ukatoka taratibu, na Randu, ambaye sasa alikuwa Randu mwenyewe, akalia mpaka sauti ikamkauka, huku miiba mingine ikipukutika mwilini na kutapakaa sakafuni.

Idah aliwatibu wote wawili. Katika kifua cha Kadii alitoa ncha kumi na moja kwa sindano na kibano. Jicho halikupona.

Mwezi wa pili tangu siku ile, plasta ikiwa bado mkononi, Randu alimkuta mkewe akipepeta mahindi. Akaunyosha mkono wake mzima amguse bega. Kabla hajajijua, Kadii alikuwa amerudi nyuma, ungo umemponyoka.

Randu akauteremsha mkono. Akachutama, akaanza kuokota mahindi.