Maji ya Saa Kumi

Mama mdogo si mtu wa kutia chumvi. Chumvi pekee aliyowahi kuizidisha ni ya kuogea, na ndiyo habari yenyewe. Sehemu nimesimuliwa na yeye. Sehemu niliiona kwa macho yangu, mchana kweupe.

Yeye ni mdogo wake marehemu mama yangu. Alikuwa mpokea simu kwenye kampuni moja, dawati la malalamiko. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana alitukanwa na watu asiowaona, naye akawajibu, "Pole sana, tunalishughulikia." Wenzake wakambatiza Bi Pole. Akirudi nyumbani hapakuwa na wa kumwambia pole yeye. Hakujaliwa mtoto, mume alishaondoka zamani, na mimi, binti wa dada yake na ndugu pekee aliyembakia, nilikuwa naishi mwendo wa saa mbili kwa basi, nikimpigia simu nikikumbuka. Sikuwa nakumbuka mara nyingi.

Alhamisi moja alikwenda kupimwa. Presha ilikuwa juu, usingizi hapati, mabega yamekaza kama mbao. Daktari akamwandikia vidonge, kisha akamshauri atafute walau saa moja kwa siku ya kutulia, asisikie sauti ya mtu. Nyumba aliyohamia miezi miwili kabla, ghorofa ya kwanza, ilikuwa na hodhi la kuogea, lile refu la kujilaza. Yeye alikuwa analitumia kulowekea mashuka. Alasiri ile akalisugua likang'aa, akalijaza.

Akajiwekea utaratibu. Saa kumi anazima simu na kuiacha chumbani. Anafungulia maji ya vuguvugu, anatia konzi mbili za chumvi ya mawe na majani ya mchaichai aliyoyafikicha kiganjani. Taulo analiweka juu ya kigoda alichokikuta humo bafuni. Anajilaza mpaka shingoni, anahesabu pumzi, anatazama jua linavyohama ukutani.

Wiki mbili tu, usingizi ukarudi. Aliponieleza nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi pia kwamba sina haja ya kwenda.

Kilichoanza kilikuwa kidogo. Kila mtu ana sehemu mgongoni, katikati ya mabega, ambayo mkono wake haufiki. Siku moja, akijifuta, taulo likatoka na povu pale. Akajiambia ni sabuni iliyoelea majini. Kesho yake, povu tena. Siku ya tatu alipofumbua macho akakuta taulo limekunjwa vizuri sakafuni, na kigoda kimesogea mpaka kichwani mwa hodhi.

Juu ya kigoda palikuwa pamelowa.

Hakukimbia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alasiri iliyofuata alirudi majini, akainama mbele, akafumba macho.

Akangoja.

Dodoki likaanza kumsugua mgongo. Polepole. Kwa mzunguko. Na yeye hakuwa na dodoki.

Alinipigia simu siku kadhaa baadaye, sauti yake chini sana. Akasema sasa kuna mtu anamwogesha, tena vizuri. Nikamuuliza ni nani.

"Miaka kumi na moja, mwanangu," akanong'ona. "Hakuna aliyenigusa ila kwa kunipiga kikumbo njiani."

Jumamosi nikapanda basi.

Chini ya nyumba ile, kwenye baraza, alikuwapo fundi cherehani. Aliponiona napandisha ngazi aliuliza kama mimi ni ndugu wa mama wa juu. Nikamwambia ni mama yangu mdogo. Akasimamisha cherehani, akanieleza kwamba kabla yake aliishi bibi mmoja na binti yake mgonjwa, asiyejiweza hata kuinua kijiko. Bibi alimwogesha kwenye hodhi lile kila alasiri, miaka na miaka. Binti akafa. Bibi akaendelea kujaza maji.

Walipovunja mlango walimkuta amekaa kwenye kigoda, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni, dodoki mkononi. Hodhi limejaa.

"Alikuwa ameshakaa hivyo siku sita," fundi alisema, macho yamerudi kwenye kitambaa chake. "Sisi tulidhani amesafiri."

Mama mdogo alinifungulia kabla sijabisha. Sikumtambua vizuri. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya dobi. Ngozi ya mikono ilikuwa nyekundu, nyembamba, inang'aa kama ganda la ndani la kitunguu. Wiki nzima hakwenda kazini. Alikuwa anaoga mara tatu, mara nne kwa siku. Alinieleza hayo kwa kunong'ona, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili, na alikuwa anatabasamu.

Tuliketi kwenye kochi. Nikaanza kumbembeleza aje kwangu, akae hata mwezi. Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Ilipofika saa kumi, bomba la bafuni likafunguka.

Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Wote tulikuwa tumekaa.

"Ananitayarishia," akasema.

Niliinuka. Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu, mvuke unatoka, jua limejaa humo ndani. Hodhi lilikuwa linajaa. Kigoda kilikuwa pale kichwani pake. Katikati ya maji palikuwa na mzunguko mdogo, unakwenda, unarudi, vile mama anavyopima joto la maji kwa vidole. Kisha mzunguko ukaacha. Matone yakaanza kudondoka sakafuni, kati ya hodhi na kigoda.

Yalikuwa yanadondoka kutoka hewani. Usawa wa kiwiko.

Bomba likajifunga.

"Njoo," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya uzee, haina hasira hata kidogo. "Yanapoa."

"Naja, mama," akajibu mama mdogo nyuma yangu.

Alikuwa ameshafungua vifungo vya gauni. Nikamshika mkono. Ulikuwa unateleza. Akajivuta kwa nguvu nisizozitarajia, kichwa ameelekeza kule kule, kwenye mvuke.

"Niache," akasema. "Niache, mwanangu. Wewe utaniogesha?"

Hakulisema kwa ubaya. Aliuliza tu. Na nilijua jibu langu la miaka yote lilikuwa lipi.

"Nitakuogesha," nikasema.

Matone yakakoma.

Kigoda kikakwaruza sakafu, kama mtu mzito ameinuka. Nyayo za maji zikaja juu ya saruji. Moja. Nyingine. Nyingine. Zikasimama mbele yangu. Nikasikia joto lenye unyevu usoni, na pumzi. Alikuwa ananitazama. Alikuwa anapima kama nimesema kweli.

"Nitamwogesha mimi," nikarudia.

Muda ukapita. Mkono wa mama mdogo ukalegea ndani ya wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaanza kutetemeka.

Tulitoka hivyo hivyo, yeye na gauni lililofunguka, mimi na pochi yake. Fundi alituona tukishuka. Hakuuliza. Alisogeza kiti chake tupite.

Sasa anaishi kwangu, chumba kinachopakana na changu. Kazi aliacha. Ngozi imepona. Kila alasiri nachemsha maji, nayapoza yapate uvuguvugu, namkalisha kwenye beseni kubwa na kumwogesha. Hatuongei sana. Akinyoosha shingo najua amestarehe.

Siku ya kwanza kumwogesha, nilipomaliza nilimfuta mgongo ukakauka kabisa. Nikageuka kuchukua gauni. Nilipomtazama tena, katikati ya mabega palikuwa pamelowa. Kiganja, na vidole vitano, virefu.

Nikafuta. Pakalowa.

Daktari ameshapaangalia mara mbili, akasema ni jasho. Magauni yake yote yana alama hapo, na nikianua yaliyofuliwa asubuhi kwenye kamba, vazi zima limekauka isipokuwa kiganja kile. Nimewahi kupagusa kwa mkono mtupu, mara moja tu. Maji yale ni ya vuguvugu. Yananuka sabuni ambayo humu ndani hakuna aliyewahi kuinunua.