Tundu la Tatu

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Mwape alisikia chuma kikigongwa kwa jirani. Aliposukuma mlango alimkuta Mama Clotilde, mama yake Estelle, miguu juu, kichwa chini, uso umevimba, akigonga meza kwa pete ya ndoa kwa kuwa sauti ilikuwa imemkauka.

Ilikuwa meza yake ya kutibu mgongo. Unafungwa vifundo vya miguu, unalala chali, ubao unainama taratibu, uti unanyooka. Kwa miezi mitatu ilikuwa imemfaa, hata akaanza kupanga safari ya kwenda Lukafu kulima shamba la marehemu mama yake. Leo ilimpindua ghafla, ikamwacha hapo.

"Mama Estelle, ile kitu utupe," Mwape alisema baada ya kumshusha. "Itakuua."

"Haitupwi."

Clotilde alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini. Hakuamini kwamba chuma hukasirika chenyewe. Mwape alipoondoka, akakagua. Ufito wa miguu ulikuwa na matundu ya kupimia urefu wa mtu. Lake lilikuwa la sita. Pini ilikuwa kwenye la tatu, la mtu mfupi, ndiyo maana kichwa kilizidi uzito. Mkanda wa chini, unaozuia ubao usipinduke, ulikuwa umefunguliwa. Jana jioni vyote vilikuwa sawa. Habari ya mkanda hakumwambia mtu.

Alianza na wifi yake Jeanne, aliyeishi chumba cha uani. Jeanne alikuwa mfupi, na kila siku aliiita meza hiyo kitu ya bulozi, yaani ya uchawi.

"Uligusa meza yangu?"

Jeanne aliinamisha macho. "Mulamu, hata mimi mugongo iko inaniuma. Lundi nilijaribu. Nikaweka tatu, kisha nikarudisha sita."

"Nani alikufundisha?"

"Estelle."

Baada ya hiyo Jumatatu, meza ilikuwa salama Jumanne na Jumatano. Basi si Jeanne.

Saa tisa alasiri binti yake Estelle, aliyemwachia watoto wake kila alfajiri, alirudi kutoka kazini Luano, akamshika mama mikono.

"Mama, Mwape amenipigia. Wachana na ile table. Mukaba ikifunguka tena, itakuwa namna gani?"

"Mukaba gani?"

Estelle aligeuza macho kwenye ule mkanda wa chini.

"Nilisema meza ilinipindua, basi. Mukaba sikuutaja kwa muntu. Na tundu ya tatu, ni weye ulimuonesha Jeanne."

Estelle aliketi sakafuni. "Sikutaka ufe. Nilitaka uogope tu. Nilijua tantine Jeanne atakusikia."

"Jeanne alikuwa kwenye misa. Batoto bako bangeamka, bangenikuta maiti."

"Mimi natoka saa kumi na moja kila siku, Mama. Ukipona, unaenda Lukafu. Ningefanya nini ingine?"

"Ungeniomba."

"Ungekatala."

"Ndiyo. Ningekatala." Clotilde alisimama wima. "Mugongo huu ulikwisha juu ya masomo yako, sikulalamika. Kilichobaki ni changu. Leo, mbele ya Jeanne na Mwape, utasema kwa kinywa chako ulichofanya. Kesho kutwa, samedi, naenda Lukafu."

Estelle alilia muda mrefu. Mama yake hakumbembeleza, wala hakutoka chumbani.

"Na batoto, Mama? Iko nani wa kubalinda?"

"Batoto iko na mama yabo."