Samaki Thelathini Waliopotea

Baba alifariki siku ya Jumanne, Aprili 2012, katika wodi ya wanaume. Nyumbani kwetu Kanamkemer, gunia la samaki lilikuwa limeshonwa tayari, linangoja lori la Kakuma. Mama alirudi kutoka hospitali kwa bodaboda, amekumbatia viatu vya Baba.  Tuliviona viatu, tukajua.

Kabla ya hapo, Baba ndiye aliyekwenda Kalokol, ziwani, kununua samaki wakavu. Ndiye aliyewapeleka Kakuma kuwauza. Mama aliwahesabu na kushona gunia. Kila safari, samaki mia moja.

Baada ya mazishi, dada yake Baba, shangazi Nakuleu, alichukua kazi ile. Mama alimpa kipande cha boksi ambacho Baba alikuwa akikisimamisha mbele ya samaki wake. Juu yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Baba: *Samaki mmoja, shilingi 100.*

"Wifi, bei hii haiguswi," Mama alisema. "Ni mkono wake huu."

"Sawa, wifi," shangazi akajibu.

Kila safari Mama alitenga shilingi elfu sita za kununua samaki. Mwanzoni shangazi alileta samaki mia. Baadaye akaleta tisini. Kisha themanini. Mama aliuza mbuzi mmoja ili tupate unga. Mwezi uliofuata akauza wa pili.

Agosti 2013, shangazi alirudi kutoka Kalokol jioni. Mama alihesabu samaki mara mbili.

"Sabini," alisema. "Thelathini wako wapi?"

"Samaki mmoja sasa ni themanini na tano, wifi. Elfu sita haifiki mbali."

"Samaki ni sitini! Mume wangu aliniambia mwenyewe."

"Aliniambia, aliniambia! Nenda Kalokol uulize!"

"Sitaenda Kalokol. Nitaenda Kakuma, kwa yule rafiki yako Nyaluak. Samaki wangu wako kwake."

Shangazi alisimama. Mikono yake ilinuka samaki.

"Unaniita mwizi? Wa mali ya ndugu yangu?"

 Mama alianza kushona gunia.

Alhamisi tulipanda lori sote watatu. Shangazi alikaa nyuma juu ya magunia, Mama akakaa mbele karibu na dereva, na kile kipande cha boksi mkononi. Mimi, Helen, nilikuwa nyuma na shangazi. Njia nzima hakunitazama. Alisema jambo moja tu: "Akiniita mwizi sokoni, sirudi kwenu tena."

Nyaluak alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Alikuwa na kibanda kambini Kakuma, akiuza mahindi, maharagwe na samaki. Alikuwa mnunuzi wetu mkubwa.

"Ejok, Mama Helen!" alimsalimu kwa furaha. "Karibu! Leo umekuja mwenyewe!"

"Nimekuja kutafuta samaki wangu thelathini," Mama alisema kwa sauti kubwa. Wanawake wa vibanda vya jirani waligeuka. "Nakuleu anakuletea kwa siri. Usinidanganye."

Nyaluak alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondoka miguuni.

"Hapana," Nyaluak alisema. "Huyu hajaniletea kitu kwa siri. Keti, mama."

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikia. Mimi nilianza kununua samaki wa mume wako kwa sitini."

"Uongo. Bei yake ni mia. Tangu zamani ni mia."

"Leta hiyo boksi yake. Bandua karatasi."

"Haiguswi na mtu hiyo!"

"Wewe mwenyewe bandua. Mimi nilimwona akibandika. Uji wa unga wa kubandikia aliomba kwangu."

Mama alikishika kipande cha boksi kifuani. Nilidhani angeondoka. Kisha akaingiza ukucha chini ya pembe ya karatasi, polepole, kama mtu anayefungua kidonda. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine. *Shilingi 80. Machi 2009.* Chini ya hiyo, nyingine iliyofifia. *Shilingi 60. Juni 2007.* Zote kwa mkono wa Baba. Ile ya juu nayo, pembeni, ilikuwa na maandishi madogo ambayo hatukuwahi kuyajali: *Januari 2011.*



"Kama aliniuzia kwa sitini," Nyaluak akasema kwa upole, "wewe unafikiri wakati ule alinunua kwa sitini? Angekula nini? Bei ya Kalokol nayo hupanda."

Mama aliketi kwenye gunia la mahindi.

Nyaluak alichukua gorogoro, kopo lake la kupimia mahindi. "Mama, wacha shilingi kwanza. Tazama hii. Mwaka ule alipoandika hiyo mia, samaki mmoja alikupa gorogoro mbili za mahindi. Gorogoro ilikuwa hamsini. Leo ni themanini. Samaki ni yuleyule, bei ni ileile. Anakupa ngapi?"

"Moja," nikasema. "Na kidogo juu."

"Basi bei yenu imeshuka, na hakuna aliyeishusha. Kila kitu kimepanda, yenu imekaa. Ukitazama namba tu, utaona uko palepale."

"Na wewe?" Mama akauliza. "Wewe unawauza kwa ngapi?"

Nyaluak alicheka kidogo, kwa aibu. "Mia na themanini."

"Umetula mwaka mzima!"

"Nimekula. Mfanyabiashara gani anakataa bei nzuri? Lakini mwanamke asiitwe mwizi kwa faida yangu. Hiyo hapana."

Mama aliinuka. Alimwendea shangazi mbele ya wale wanawake wote, maana mbele yao ndipo alipomtuhumu.

"Wifi, hukuiba," alisema kwa sauti ileile kubwa. "Nimekukosea. Nilikuwa nataka mkono wake ubaki."

"Na mimi nilikuwa naumia kuuza kwa bei ile," shangazi alisema, akijifuta uso. "Lakini ningeibanduaje?"

"Haya, semeni bei," Nyaluak akasema. "Mkimaliza kulia hamtanipunguzia tena."

"Mia na hamsini," Mama akasema.

"Mia na thelathini."

Walikubaliana mia na arobaini. Nyaluak alikoroga uji wa unga kwenye kikombe. Mama alizirudisha karatasi za Baba moja juu ya nyingine, kwa mpangilio wake. Mimi niliandika mpya, na chini yake nikaweka mwezi na mwaka.

Safari iliyofuata tulitenga pesa zaidi, tukapata samaki themanini na wawili. Ile ya tatu, mia. Hatujauza mbuzi mwingine.

Siku hizi shangazi akirudi kutoka Kalokol, Mama hamuulizi tena, "Pesa ngapi?" Anamuuliza, "Pesa zetu zimenunua wangapi?" Wakipungua, tunajua bei yetu imebaki nyuma, nasi tunakaa pamoja kuipanga upya. Tukiuza, tunatenga kwanza pesa ya kununua samaki mia wengine kwa bei ya leo. Kinachobaki ndicho tunachokula.

Kwenye boksi sasa kuna karatasi nne. Tatu za chini ni za Baba. Gunia huondoka kila Alhamisi.