Mwache Kulungu Alale

"Mwache alale, Kaisa! Nikwambie mara ngapi?"

"Na theluji ikifunika damu, mama? Tutamfuata kwa kunusa?"

"Ushamwamsha mara moja. Ukimwamsha tena atatupeleka mpaka Kanada."

Waligombana kwa kunong'ona, wamechutama kwenye majani yaliyolaliwa, bado yana joto la mnyama. Kaisa Heikkinen, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa amempiga kwa upinde kulungu dume wake wa kwanza saa mbili na nusu asubuhi. Alilenga nyuma ya mguu wa mbele, penye mapafu. Dume akapiga hatua, mshale ukapita kiganja kizima nyuma. Walipouokota, manyoya yake yalikuwa na ute wa kijani, na harufu ilimaliza ubishi: tumbo.

Kulungu aliyepigwa tumboni huachwa kwa muda wa saa sita. Hujilaza karibu, akafa kimya. Mtoto yeyote wa Baraga, mji wao, anajua hivyo, na mama yake, Aili, alimfundisha kabla hajamfundisha kuendesha gari. Lakini wingu jeusi lilikuwa linasogea kutoka Ziwa Superior, na Kaisa alingoja dakika arobaini tu. Walipofika hapa, dume aliruka mbele yao na kutokomea kwenye kinamasi.

"Anateseka kwa mkono wangu," Kaisa alisema. "Mimi siwezi kukaa nanywa kahawa." Akaondoka.

Aili alitukana kwa Kifini, akamfuata. Mtu hamwachi mwanawe kwenye kinamasi, hata akiwa mwana mjinga.

Robo saa baadaye theluji ilianguka nzito, kama mtu anapasua mito ya manyoya. Tone la damu hapa, tone pale, kisha hakuna. Mierezi yote ilifanana. Nyayo zao wenyewe zilijifuta nyuma yao.

"Dira iko wapi?"

"Nimeiacha mtini."

"Mti upi?"

"Niliopanda kuwinda."

"Vizuri. Huko haitapotea."

Kaisa alicheka, akapiga hatua nyingine, na ardhi ikaachia. Haikuwa ardhi. Ilikuwa barafu changa juu ya maji meusi, theluji imeifunika. Alizama hadi kifuani, pumzi ikakatika. Kila alipoegemeza mikono, barafu ilivunjika.

Aili alikuwa keshalala kifudifudi. Upinde wa Kaisa ulikuwa umedondoka ukingoni. Aliusukuma mbele, akishika ncha moja.

"Shika mti wa upinde. Uzi uache, utakukata."

"Siwezi, mama, vidole..."

"Pitisha mkono ndani, ukunje kiwiko. Haya. Piga miguu kama chura!"

Alimvuta shibiri kwa shibiri, akirudi nyuma kwa tumbo, mpaka wote wawili wakawa juu ya mizizi ya mwerezi, wanahema.

"Vua."

"Mama, baridi!"

"Ndiyo maana nasema vua."

Alimvika fulana yake ya sufu na suruali yake ya ndani, akabaki yeye na koti na suruali ya nje tu. Alichuna magome meupe ya mti, yale yanayowaka hata yakiwa na maji, akavunja matawi makavu chini ya mierezi. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ilizimika. Ya tatu aliifunika kwa viganja kama kifaranga, moto ukashika. Akaketi akimkabili bintiye, akaipachika miguu ya binti iliyoganda tumboni mwake mwenyewe, mmoja mmoja.

"Uuuh! Hii ni miguu au samaki wa friji?"

"Samahani, mama."

"Nyamaza, utafune." Alimpa kipande cha nisu, mkate wa iliki uliopondeka mfukoni.

"Umekasirika?"

"Sana. Lete mguu mwingine."

Walikaa hivyo mpaka saa tisa alasiri, wakikausha soksi na kuongeza kuni. Hakuna aliyemtaja kulungu, ingawa kila mmoja alimsikiliza. Jioni mbweha wangetoka, nao hawangoji mnyama afe ndipo waanze kula.

Theluji ikakatika. Mbali upande wa kusini honi ya gari ililia mara tatu, ikanyamaza, ikalia tena.

"Baba yako huyo, barabarani, ametuona tumechelewa," Aili alisema. "Twende, kabla hajaanza kulia na yeye."

Walifuata honi. Hawakuwa wamekwenda mbali, Aili alipomshika bega. Kunguru wawili walikuwa wametua juu ya mwerezi, wanatazama chini. Hatua kumi na tano mbele yao dume alikuwa amelala kando ya kijito, theluji mgongoni, kichwa bado juu.

Kaisa alipachika mshale. Honi ikalia. Dume akajikongoja, akasimama, akageuza ubavu kuutazama upande wa sauti. Kaisa alivuta. Uzi ulifika nusu, vidole vyenye ganzi vikashindwa kuuvuta zaidi, akaurudisha taratibu. Alivuta tena. Ncha ya mshale ilichora duara kubwa kutoka shingoni hadi tumboni pale pale alipomjeruhi.

Akateremsha upinde.

"Piga wewe, mama."

Aili alimtazama. Nyumbani kwao pembe hupigiliwa juu ya mlango wa sauna, chumba cha kuogea mvuke, na jina linaloandikwa chini yake ni la aliyemmaliza mnyama. Kaisa alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu ana miaka kumi.

"Litakuwa jina langu, mwanangu."

"Najua. Shika."

Aili aliupokea, akavuta mpaka pembe ya mdomo, akangoja mguu wa mbele usogee, akaachia. Dume alikwenda hatua nane, akapiga magoti, akalala ubavu, asiamke tena.