Aliyemnyonyesha Biel

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima nilipotoka kuanua mashuka. Son Armelló ilikuwa nyumba ya mabwana zamani. Siku hizi tunapangisha vyumba kwa wanaotafuta utulivu. Wiki hiyo tulikuwa na mgeni mmoja tu, Aina, mama kijana kutoka mji wa Palma, na mwanawe Biel wa miezi minne.

Aina akaniita kutoka dirishani.

"Dada Miquela! Hebu njoo mara moja."

Nilimkuta kitandani, blauzi imelowa maziwa. Biel yuko mapajani, macho yamelegea kwa shibe.

"Tangu asubuhi hajanyonya. Kila nikimpa, anageuza uso. Umempa kitu?"

"Mimi? Hata kijiko cha maji sijampa."

Akaninyooshea mtoto. Nikainama...

Midomo yake ilikuwa na maziwa.

Ya vuguvugu bado. Na nguo zake zilinuka moshi wa kuni na jasho la mtu wa shamba. Aina ananukia sabuni.

Nilishuka jikoni. Shangazi Margalida alikuwa anakata mkate wa kutia kwenye supu ya kabichi. Nilipomweleza, kisu kikasimama.

"Umewapa chumba gipi?"

"Kile cha juu ya kinu cha zeituni. Ndiko kwenye ubaridi."

"Mjinga we! Chumba cha Apolonia!"

Kisha akashusha sauti. "Zamani za mabwana aliletwa hapa kumnyonyesha mtoto wa bwana. Wake, mchanga kabisa, akaachwa kijijini. Wakamkataza kwenda kumwona, eti maziwa yatapungua. Kule mtoto akalishwa mkate uliolowekwa maji. Hakumaliza wiki mbili. Na mama mtu hakuambiwa. Mwaka mzima alimwimbia mtoto wa watu, akidhani wake naye anakua."

"Alipojua je?"

Shangazi akapiga ishara ya msalaba. "Washa taa, mwanangu."

Jioni ileile nilimhamishia Aina kwenye monasteri, kule mlimani, ambako watawa nao hupokea wageni. Nilimdanganya kwamba bomba limepasuka.

Siku ya tatu, magharibi, gari lake likarudi.

Nilisikia sauti ya Biel kabla ya kumwona. Haikuwa kilio tena. Ilikuwa kama paka mchanga aliyetupwa kisimani.

"Daktari hajaona ugonjwa," Aina alisema. "Chupa hataki. Mimi hanitaki. Wanataka kumlaza hospitali, wamtie mpira puani. Nipe kile chumba."

"Aina, lile bomba..."

"Hakuna bomba, dada. Nilimsikia mwanamke akiimba mle siku ya kwanza. Nilidhani ni wewe."

Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mpeleke hospitali, binti! Yule wa chumbani akimpakata tena, atamhesabu wake."

"Na akinifia njiani?"

Shangazi aliondoa mikono kiunoni. Akapisha.

Mimi ndiye niliyechukua ufunguo. Mimi, si mwingine.

Tulimlaza Biel kitandani, tukafunga mlango, tukaketi kwenye ngazi. Alilia... akalia...

Ubao wa sakafu ukalalamika. Mara moja. Mara mbili.

Kilio kikakatika.

Kimya.

Halafu tukasikia. Fyo... fyo... Mtoto anafyonza kwa pupa, anameza, anahema, anafyonza tena. Harufu ya moshi wa kuni ikapita chini ya mlango. Na wimbo ukaanza, taratibu, kwa koo lililokauka.

Kifua cha Aina kikalowa maziwa. Alikuwa ameushika mkono wangu hadi unauma.

"Anashiba," alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Dada, anashiba."

Tukangoja amlaze. Wimbo haukukoma.

"Atanirudishia?"

Nikainuka, nikashika kitasa. Hakikuwa kimefungwa kwa ufunguo. Lakini upande wa pili kulikuwa na mkono umekishika pia.

Mlango ulifunguka wenyewe alfajiri. Biel alikuwa amelala, mashavu mekundu, amefunikwa shali ambayo si ya Aina wala si yetu.

Hii ni wiki ya tatu. Biel amenenepa. Kila magharibi Aina humlaza mle, huketi kwenye ngazi, na alfajiri hurudishiwa mwanawe. Wageni wengine sipokei tena. Shangazi hapandi tena ghorofani.

Jana mlango ulifunguka jua likiwa limeshapanda.

Leo ni saa sita mchana. Aina bado yuko kwenye ngazi. Na wimbo unaendelea.