Nilimkodia Mdogo Wangu Baba

Waliokuwepo siku ile ya kupokea mahari nawataja wote, asije akatokea wa kukana. Mdogo wangu Chantal. Mchumba wake Baraka, mama yake, na mshenga wao Mzee Kisanga, waliotoka Pearland. "Dokta" Silvesta na mkewe Mama Glori, wenye nyumba ile ya Arlington. Mdogo wetu wa kiume, Evariste. Na mimi... jikoni!

Nina miaka thelathini na sita. Wazazi wetu walifia kambi ya wakimbizi. Nikaacha shule darasa la sita, nikawalea hawa wawili, kule na huku Texas, kwenye ghorofa za Vickery Meadow. Nilifua mashuka ya hoteli mpaka Chantal akawa nesi Houston.

Alipoposwa, badala ya kufurahi nikaingiwa na baridi. Mimi nikae mbele ya wakwe wa ofisini, niitwe mzazi? Kwa elimu gani? Nilijiona kama mtu aliyevaa nguo za marehemu mama yake, anasubiri kuvuliwa hadharani.

Ndipo nikafanya ujinga wetu wa ughaibuni... nikakodi baba! Kwa mbuzi mzima na bia! Silvesta ana suti, ana sebule kubwa, na anaitwa Dokta. Dokta wa nini? Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimsihi Chantal akubali. Alilia, akakubali.

"Relax, dada," Silvesta aliniambia. "Protokali niachie, nita-handle. Wewe kaa na pilau."

Nikamshukuru! Jamani, nilimshukuru mtu kwa kuniondoa kwenye kiti cha mama yangu...

Wageni walipoketi, Evariste alinifuata jikoni amevimba kwa hasira. "Dada, huyo Dokta wako ameniuliza mlangoni bibi harusi anaitwa nani. Toka ukakae!"

"Nyamaza, utatuaibisha. Kama huwezi kutulia, nenda zako."

Akaenda kweli. Nikasikia gari lake likiondoka, nikaendelea kukatakata kachumbari.

Sebuleni Silvesta alikuwa akimwaga uongo kama bomba lililopasuka. Eti, "Binti huyu nimemlea kwa jasho langu." Jasho! Mtu anayewasha kiyoyozi mpaka Desemba!

Kisha Mzee Kisanga akakohoa kidogo. Akasema mahari wameshaelewana, umebaki mkaja, kitambaa cha heshima kwa mama aliyembeba binti mgongoni. Mama huyo aje aupokee.

Mama Glori akainuka. Akanyoosha mikono yenye kucha ndefu za kumetameta, kana kwamba ndiye aliyemnyonyesha! Nilichungulia mlangoni nikamwona Chantal ameinamisha uso. Alikuwa anaulinda uongo wangu mimi.

Nikatoka. Aproni imejaa mafuta.

"Aunty, chakula bado," Silvesta akaninong'oneza huku akitabasamu.

"Kaa chini, Silvesta," nikasema, na sauti haikukatika. "Huyu nilimbeba mimi. Shule sikumaliza kwa sababu mgongoni nilikuwa na mtu. Mama Glori, nipishe."

Mama Baraka akaguna. "Kumbe! Na sisi tumekaa hapa tunamwamkia nani?" Akacheka, akaja kunizungushia mkaja kiunoni juu ya aproni ileile. "Mwenzangu, pole na jiko."

Hakuna aliyeniuliza cheti. Mama Glori alirudi kwenye kochi akiangalia kucha zake. Na Silvesta? Alikula sahani mbili za pilau langu, akabeba na mfupa wa mbuzi! Watu wa namna ile aibu hawaijui.

Wasomaji wenzangu, miaka yote niliogopa kuumbuliwa kuwa mzazi bandia. Bandia mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu ameikunja nne, hana hata chembe ya wasiwasi! Kwa nini hofu inatukaba sisi tuliofanya kazi, na kuwaacha wao wanapumua? Nawasihi, msimwachie mtu kiti chenu kwa sababu tai yake imenyooka. Kaeni, hata kama magoti yanagongana.

Chantal ameolewa, yuko salama. Lakini Evariste, pekee aliyenitetea, hapokei simu zangu. Nimekwenda kwake Fort Worth, mkewe akanijibu mlangoni kwamba amelala. Saa saba mchana! Sikumlaumu. Nilimfukuza kama mtoto kwa kusema kweli, na ananidai msamaha ambao napaswa kuuomba, kwa magoti, mbele ya watu. Deni hilo bado sijalilipa.