Taiti ya Kijani ya Ngao

Gadiel alikuwa ameinamia rundo la mitumba pale soko la Kilombero akitafuta sweta, mkono wake ukagongana na mwingine uliokuwa unavuta taiti ya kijani. Akainua macho. Alikuwa Salha, ushungi wa zambarau, wino umemganda vidoleni kama kawaida yake. Mwaka mzima Gadiel alikuwa akibadilisha njia ili asikutane naye.

"Hujambo, Salha."

"Sijambo, kaka. Tunafahamiana?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na alistahili. Salha ndiye aliyemchora Ngao, shujaa wa kitabu cha katuni anayelinda vijiji vya chini ya Mlima Meru. Gadiel, mpenzi wake wakati huo, ndiye aliyemwigiza kwenye filamu fupi ya kukitangaza kitabu, amevaa kinyago na taiti inayobana kila kitu. Siku walipoionyesha sokoni Ngaramtoni, mzee Simel, baba yake Gadiel na mzee wa kanisa, alitema mate chini, akamuuliza mwanawe kama anamfahamu huyo binti aliyeleta uchafu ule. Gadiel akajibu, "Hapana, baba, simfahamu." Salha alikuwa amesimama nyuma yao, kipaza sauti mkononi.

"Taiti ya nini tena?" Gadiel aliuliza.

"Tunapiga upya. Ile filamu imepotea. Begi langu liliibwa na diski ikiwa ndani, na nakala nyingine sikuwa nayo. Ngao sasa ni Luqman. Ana miguu mizuri kuliko wewe."

"Luqman? Yule anaogopa hata mbuzi."

"Lakini jina langu analijua."

Akalipa, akaondoka bila kugeuka.

Jioni Gadiel akapiga simu, ikaita weee ndipo ikapokelewa.

"Mpenzi..."

"Mtu asiyenifahamu ananiita mpenzi?"

"Nisamehe, Salha. Niliona aibu."

"Aibu ya taiti, au aibu yangu mimi?"

Gadiel akaanza kueleza habari za baba yake. Salha alikata simu, akalia, akajichukia kwa kulia.

Siku ya soko Ngaramtoni, Salha alikuwa anatega kamera kando ya mnada wa ng'ombe, Luqman kinyago mkononi akijitenga na mbuzi, mara kicheko kikazuka. Gadiel alikuwa anapita katikati ya watu mchana kweupe, ndani ya taiti yake ya zamani, bila kinyago. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba yake, aliyekuwa amesimama pale mnadani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gadiel, umechanganyikiwa?"

"Hapana, baba. Yule Ngao wa kwenye filamu alikuwa mimi. Na huyu binti namfahamu. Anaitwa Salha. Nampenda, na nilimkana mbele yako."

Mzee Simel alimtazama Salha, akakumbuka mate yake, naye akaona haya. Akavua shuka lake jekundu, akamtupia mwanawe.

"Jifunge kiunoni. Mama zako wanaona." Kisha akasogea kwa Salha, sauti imeshuka. "Binti yangu, utusamehe."

"Yameisha, baba," Salha alijibu kwa shida.

Gadiel akamgeukia, shuka amelifunga kombo. "Na mimi je? Sema neno, Salha."

Salha alikuwa ameinamia kamera ili machozi yasionekane.

"Nilikuwa sijaiwasha," alisema. "Rudia pale pa kunifahamu. Kwa sauti, maana mimi nitasimama nyuma, palepale nilipokuwa siku ile."